Pete Kwenye Chekeche

Mkono wake bado uko juu.

Hivyo ndivyo tulivyomwacha Dada Jiwe wiki iliyopita, na wale walioandika kulalamika kwamba nimewanyima usingizi waniwie radhi. Yeye mwenyewe yuko pabaya zaidi. Amesimama kwenye mgongo wa mlima, mkono wa kushoto hewani, na mbele yake tingatinga linanguruma. Sheria ya kambi ni moja tu: mjiolojia akiinua mkono, dereva anajiandaa, akiushusha, dereva anaanza kazi. Na kazi ya leo inaanzia kwenye ukuta wa jiko la Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa si mtu baki. Ni dada wa mama yake, ndiye aliyemchukua akiwa bado anatambaa, akamlea, akamsomesha mpaka akawa mjiolojia wa kupanda milima akitafuta shaba na dhahabu. Mlima huu wote ni mawe na makorongo. Mahali tambarare pa kusimamisha mtambo wa kuchoronga miamba pako pamoja tu, napo ndipo ilipo nyumba ya bibi huyu.

Wakubwa wa kampuni walikuja kumbembeleza, akawafukuza na fagio. Akaja Dada Jiwe, akaketi naye jikoni, akamwambia, "Mama, chini ya mlima huu kuna dhahabu. Nimeipata mimi." Mama Mkubwa akakubali kabla chai haijapoa.

Sasa mabati yameezuliwa, yamepangwa pembeni. Mlango umeng'olewa. Kitanda, cherehani na masufuria viko nje, vinaota jua kama wagonjwa. Zimebaki kuta tupu, na mkono hewani.

Ukikaa na mkono juu, vidole vinakufa ganzi. Dada Jiwe akavichezesha, akatupa jicho juu, na jicho likatua kwenye pete yake ya ndoa.

Kwa juu ilikuwa nene na nzuri kama siku aliyovishwa. Upande wa kiganja ilikuwa imelika, imekuwa nyembamba, imejaa mikwaruzo.

Pete ya dhahabu hailiki hivyo kwa kufua nguo na kuosha vyombo. Kuna dhahabu iliyokuwa pale ambayo sasa haipo. Imekwenda wapi?

Dada Jiwe alijua ilikokwenda. 

Kila asubuhi kambini, kabla watu hawajapanda mlima kuchota udongo, yeye ndiye anayesimama mezani na bakuli la plastiki. "Pete, hereni, mikufu, saa, vyote humu," husema, na anayechelewa husemwa mbele za watu. Sababu anaieleza mpaka wapishi wameikariri. Udongo wa mlimani huchekechwa kwa mkono, unga wake laini hutiwa kwenye mfuko wa sampuli na kupelekwa maabara. Maabara inatafuta dhahabu kidogo mno, ambayo jicho haliwezi kuiona. Mwenye pete akichekecha, pete inasagika kwenye waya za chekeche, na vumbi lake linaingia mfukoni pamoja na udongo. Maabara haiulizi dhahabu imetoka mlimani au imetoka harusini.

Wiki zile za baridi kali mchekechaji wao aliugua kifua. Dada Jiwe akasema atachekecha mwenyewe, kazi isilale. Akavua hereni, akavua saa. Pete ikakataa, vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi ya huko juu. Fundi wa magari akajitolea kuikata kwa tupa. Dada Jiwe akamfikiria mama mkwe wake. Akafikiria atakavyomweleza kwamba pete aliyoichagua mwenyewe imekatwa kama kufuli lililopotea ufunguo. Akaona heri aifunge plasta.

Plasta ikalowa, ikachanika, mwishowe ikapotelea kwenye udongo. Alipogundua haipo, akajiambia haidhuru, akaendelea kuchekecha.

Majibu ya maabara yalipokuja yalionyesha dhahabu, mstari mzima kwenye mgongo wa mlima, ikipita kushoto na kulia kwa nyumba ya Mama Mkubwa. Kambi ikapiga makofi. Dada Jiwe akavimba kichwa, na kichwa kilichovimba hakikumbuki plasta.

"Dada, vipi?" Dereva wa tingatinga alikuwa ametoa kichwa nje. Watu wanamwita Taratibu, neno ambalo hajawahi kulitii. "Nasubiri wewe tu. Mafuta yanaungua hapa."

"Zima injini."

"Nizime?"

"Zima. Bendera za njia zimekaa vibaya."

Taratibu akazitazama bendera nyekundu, moja baada ya nyingine. "Si umezichomeka mwenyewe asubuhi?"

"Ndiyo maana nasema zimekaa vibaya. Zima."

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Hapo tu ndipo alipothubutu kuushusha mkono. Aliuficha mfukoni, kama mtu aliyeiba.

"Mwanangu," Mama Mkubwa akaita kutoka kitandani kwake pale nje, "ulivyosimama na mkono juu muda wote ule nilidhani unaomba ruhusa ya kwenda chooni. Choo kipo, ila mlango wake ndio huu nimeulaza kitandani, nimeukalia."

Dada Jiwe alijaribu kucheka, kicheko kikakwama.

"Jana nimewaaga majirani wote," Mama Mkubwa akaendelea, akikunja shuka. "Nimewaambia wataalamu wamepita juu ya dhahabu hii miaka yote kama mbuzi wanavyopita juu ya sadaka. Aliyeiona ni mwanangu. Nilisema kwa sauti, na yule mwenye ulimi mrefu asikie."

Nafsi ilimsuta Dada Jiwe pale pale, ikamsuta hasa. Angeweza kusema. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mtu aliyemfundisha kutembea.

"Mama, nashuka kambini mara moja. Nikirudi tutaendelea."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akamkabidhi Taratibu redio yake ya mkononi, akamwambia asiwashe mashine mpaka aambiwe, akashuka mlima karibu anakimbia.

Sasa, msomaji, usidhani alikuwa anakimbilia kuungama. Alikuwa anakimbilia kutafuta namna ya kutokuwa na hatia. Labda pete imelika kwa mambo mengine. Labda dhahabu ya mlima ni ya kweli na pete nayo ni ya kweli, kila moja na mambo yake. Mtu akibanwa huamini chochote.

Akaingia kwenye banda la sampuli. Mchekechaji alikuwa anapanga mifuko kwenye rafu. Huyu ndiye Chafya. Vumbi kidogo tu linampiga chafya mpaka kofia inaanguka, na kati ya kazi zote duniani akachagua ya vumbi. Ana fahari moja maishani, pete yake ya ndoa, nene, ya manjano, inayong'aa. Asubuhi za kuchekecha alikuwa akiiweka kwenye bakuli kwa upole kama anamlaza mtoto mchanga.

"Chafya, ulipopona kifua ulirudi kuchekecha kuanzia wapi kule mgongoni?"

"Kwani nimeharibu nini?"

"Hujaharibu. Nijibu tu."

"Nilianzia kwenye ule mwamba mweupe. Si wewe ndiye uliyenikabidhi chekeche pale? Ukasema umechoka, ukaenda kulala kwenye gari."

Dada Jiwe akaenda kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Vitone vyekundu, kila kimoja dhahabu, vilianzia kwenye korongo, vikapanda, vikaipita nyumba ya Mama Mkubwa pande zote mbili, vikaendelea mpaka kwenye mwamba mweupe. Baada ya mwamba hapakuwa na kitone hata kimoja.

Mlima haujui zamu za watu. Dhahabu ya kweli haikatiki mahali ambapo mtu amempa mwenzake chekeche.

"Dada Jiwe, mbona umebadilika?"

"Jua tu."

"Jua gani? Tuko ndani ya banda."

 Dada Jiwe alikuwa anaangalia kitone kilichokuwa jirani kabisa na nyumba, na akili yake ilikuwa inahesabu mabati, moja moja, yalivyoteremshwa asubuhi ile huku Mama Mkubwa akiwaelekeza vijana wasiyakunje.

Ofisi ya Meneja ni kontena la chuma lenye dirisha lililokatwa kwa moto. Meneja alikuwa kwenye simu, mkono mmoja tumboni. Ana vidonda vya tumbo, na wafanyakazi wanaamini kila kidonda kina jina la bosi wake wa makao makuu.

"Ndiyo, leo leo," alikuwa anasema. "Njia inachongwa sasa hivi, mtambo unapanda kesho. Hapana mkuu, hapana wasiwasi wowote." Akakata simu, akatabasamu. "Njoo, shujaa. Umeshamaliza?"

Shujaa. Neno hilo lilimchoma kuliko tusi.

"Bosi, ile dhahabu ya mgongoni si ya mlima."

Tabasamu likabaki usoni kwa Meneja, ila halikuwa na mwenyewe tena. "Unasemaje?"

"Kuna mtu alichekecha akiwa na pete."

Hebu muone alivyosema. Kuna mtu. Msomi, mke wa mtu, anayesimamia bakuli kila asubuhi, anasema kuna mtu, kana kwamba ni mpita njia aliyeonekana akivuka mlima na kutokomea.

"Nani?"

Jibu ni neno moja, na mtoto wa miaka miwili analijua. Dada Jiwe alifungua mdomo, akaufunga.

Meneja hakungoja. "Mchekechaji wetu ni mmoja," akasema, akainuka, akatoa kichwa dirishani. "Chafya. Njoo hapa."

Sema sasa, Dada Jiwe akajiambia. Sema kabla hajafika. Alisikia viatu vya Chafya kwenye kokoto, akasikia chafya moja, akasikia mlango, na bado hakusema. Hatia ina uzito, na uzito huo ulikuwa umemkalia ulimi.

Chafya akaingia akifuta pua. Nyuma yake, kwenye mlango, akaja mpishi wa kambi na upawa mkononi, kwa kuwa Meneja akiita mtu kwa sauti ile mpishi huwa hakosi. Na mpishi huyu, tafadhali shika hili, ni dada wa mke wa Chafya.

"Toa mkono," Meneja akasema. "Hiyo pete ni dhahabu?"

Chafya akaitazama pete. Akamtazama Meneja. Akageuka, akamtazama shemeji yake mlangoni.

"Bosi, kwani kuna nini?"

"Udongo wa mgongoni umechafuliwa na pete. Kampuni nzima imesimama juu ya udongo huo. Na usiniambie habari ya bakuli, siku moja ya kusahau inatosha. Ninakuuliza, ni dhahabu au si dhahabu?"

"Naomba mlango ufungwe kwanza."

"Mlango hauna kitasa. Jibu."

"Basi naomba shemeji arudi jikoni."

"Sitoki," mpishi akasema.

Jasho lilikuwa limemjaa Chafya juu ya mdomo. Fikiria alipokuwa. Akisema ni dhahabu, kazi imekwisha. Akisema si dhahabu, kazi itabaki, lakini kuna ukoo mzima uliomtoa binti yao kwa sababu ya pete ile, na nusu ya ukoo huo imesimama mlangoni na upawa.

"Ni shaba," akasema, sauti imeshuka mpaka sakafuni. "Naisugua kwa majivu kila Jumapili ili ing'ae."



"Kwa hiyo dada yangu ameolewa kwa shaba," mpishi akasema. Hakupandisha sauti. Akageuka, akaenda zake, na wote watatu walijua haendi jikoni, anaenda kutafuta mahali penye mtandao.

Chafya akabaki ameinamisha kichwa, anaizungusha pete ile kwenye kidole. Mtu mzima, baba wa watoto, amevuliwa nguo mbele ya shemeji. Na aliyemvua alikuwa amesimama kando yake, mkono mfukoni.

Dada Jiwe akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza ya Meneja, kiganja juu.

"Mwache. Ni mimi."

Meneja akaitazama pete iliyolika.

"Nilichekecha nayo alipokuwa anaumwa. Ilikataa kutoka, nikaifunga plasta, plasta ikapotea. Niliona imepotea, bosi. Sikusahau. Niliona nikanyamaza, kwa sababu kurudia ingekuwa aibu. Dhahabu inaishia kwenye mwamba mweupe, pale nilipoishia mimi."

"Wewe ndiye unayeshika bakuli."

"Ndiyo."

"Kila asubuhi."

"Ndiyo, bosi."

Meneja akakaa. Akafungua droo, akatoa kidonge cha tumbo, akakitafuna bila maji. "Kosa la pete ningelibeba," akasema hatimaye. "Makosa yapo. Tungechota udongo upya, ningetukanwa, yangepita. Lakini umesimama hapo ukaniacha nimwite huyu."



"Haidhuru, Dada Jiwe," Chafya akasema taratibu, akiwa bado anaangalia chini. "Mimi nitaongea na mke wangu." Alisema bila hasira, na hapo ndipo Dada Jiwe alipoona macho yanamjaa maji. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Meneja akachukua redio yake. "Taratibu, unanisikia? Usiguse kitu huko. Kazi imesimama."

"Imesimama zamani, bosi," sauti ya Taratibu ikakoroma. "Mimi nimelala."

Meneja akaiweka redio mezani. "Mtambo haupandi. Nitawapigia makao makuu nile matusi yangu. Wewe kazi imekwisha leo. Redio yako na funguo viko wapi?"

"Redio anayo Taratibu. Funguo hizi hapa."

"Redio nitaifuata mwenyewe mchana. Na bendera zangu nazo nitazing'oa mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyopoteza kazi. Na mnajua nini? Njia nzima ya kurudi juu hakuifikiria kazi hata mara moja. Alikuwa anafikiria namna ya kufungua mdomo mbele ya mtu mmoja.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kileleni. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye cherehani yake pale nje, anatia uzi kwenye sindano, maana hajui kukaa bure. Dada Jiwe akapiga magoti kwenye majani mbele yake.

"Mama, hakuna dhahabu."

Uzi ukapita kwenye tundu la sindano. "Imehamia wapi?"

Akamweleza yote. Baridi, vidole, mama mkwe, plasta, Chafya na mpishi. Hakuacha kitu. Mama Mkubwa alisikiliza bila kumkatiza. Mtu yeyote anayemfahamu bibi huyo angejua kwamba hiyo ni dalili mbaya.

"Dhahabu yenyewe ni ya pete hiyo."

"Ndiyo, mama."

"Nyumba yangu nimeiezua kwa ajili ya makombo ya pete."

"Ndiyo, mama."

Mama Mkubwa akachomeka sindano kwenye kanga ya begani, ili mikono ipate nafasi, kisha mikono ikakosa la kufanya ikabaki mapajani. "Walioniambia nisikubali niliwaambia wana wivu. Niliwaambia hawana mtoto kama wangu." Akaziangalia kuta zake tupu. "Kampuni niliifukuza. Afisa ardhi nilimfukuza. Wewe sikukuuliza hata swali moja."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko. Usiniharakishe."

Dada Jiwe akalia. Alilia kama mtoto, pua na macho, kichwa kwenye ukingo wa cherehani. Mama Mkubwa akamwacha alie kwa muda aliouona unatosha.

"Inuka. Unadondoshea machozi mashine yangu, itashika kutu. Mvua inakuja. Kabla haijafika nataka paa langu, na sitaki kusikia kwamba msomi hajui kushika nyundo."

Ngazi ikatafutwa. Taratibu akaamshwa kwa kuvutwa mguu. Na walipokuwa wanabishana nani atapanda juu, Chafya akatokea kwenye njia, jasho linamtoka, nyundo begani na mifuko ya suruali imejaa misumari.

"Wewe nawe umefuata nini?" Taratibu akamuuliza.

"Mke wangu ameshapiga simu. Nimeona leo nisiwahi kurudi nyumbani."

Akapanda juu bila kuambiwa. Dada Jiwe akamwinulia bati la kwanza, na wakati anampa akasema, kwa sauti ya chini, "Nitakwenda nawe kwa mkeo. Nitawaambia mimi." Chafya akalipokea bati. "Tutakwenda mvua ikipita," akasema, akaanza kugongomea.

Nguzo ya baraza ilikuwa imeng'olewa, shimo lake limefukiwa na vijana wa asubuhi. Mama Mkubwa akamtupia Dada Jiwe mtaimbo. "Hiyo utaichimbia wewe. Na uchimbe chini zaidi, miaka yote ilikuwa inainama kama mlevi."

Akachimba. Alichimba kwa hasira ya kujichukia, na mikono ikapata malengelenge, na akashukuru kwa malengelenge. Mtaimbo ukagonga jiwe. Akagonga tena. Jiwe likapasuka, kipande kikaruka, kikatua kwenye kiatu chake.

Kilikuwa cha kijani.

Si kijani cha ukungu wala cha majani. Kijani kizito, kinachoingia ndani ya jiwe, na katikati yake mistari midogo ya manjano inayometa. Akakisugua kwa kidole gumba chenye mate. Akapiga magoti, akapanua shimo kwa mikono. Chini pote palikuwa kijani.

Shaba. Shaba ya kweli, mwamba mzima, na penye shaba ya namna ile dhahabu haikai mbali.

Mbona hawakuiona? Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe. Uwanjani kwa watu hawachoti udongo, ni kanuni ya kazi, kwa sababu betri kuukuu, makopo na majivu huvuruga majibu ya maabara. Kwenye ramani, uwanja wa Mama Mkubwa ulikuwa mweupe mtupu. Wote waliuzunguka na hakuna aliyechimba.

Akasikia gari linapanda kwenye kona ya mwisho. Meneja anakuja kuchukua redio yake na bendera zake.

Dada Jiwe akaukamata udongo kwa viganja viwili. Kufukia ni dakika moja. Kusimamisha nguzo juu yake ni dakika nyingine. Yeye si mfanyakazi wa mtu tena, hana deni la kusema. Na aseme kwa ajili gani, ili bibi huyu aezue tena paa ambalo halijafika nusu? Huku upande wa pili nafsi ikamuuliza kwa upole kama ndiyo hivyo, kwamba juzi alidanganya dhahabu ipo na leo adanganye shaba haipo.

Kivuli kikaangukia shimo.

"Ahaa, hayo," Mama Mkubwa akasema juu yake. "Hayo mawe yalinisumbua nilipochimba msingi wa jiko. Chini ya kitanda changu yamejaa, ndiyo sababu sakafu haikai sawa." Akainama, akakichukua kile kipande, akakigeuza. Kisha akamtazama Dada Jiwe usoni. Uso ule alikuwa ameulea yeye, na hakuhitaji mtu wa kumsomea.

Akaacha kukigeuza kipande.

"Ni kitu, hiki?"

Mlango wa gari ukafungwa. Hatua zikaanza kuja kwenye kokoto. Juu ya paa Chafya alikuwa ameweka bati la pili mahali pake, msumari kati ya vidole, nyundo tayari.

"Nakuuliza kabla huyo bosi wako hajafika," Mama Mkubwa akasema kwa sauti ya chini. "Nimwambie Chafya agongomee, au nimwambie ashuke?"

"Hodi hapa," Meneja akasema.

Mama Mkubwa hakuitika. Alikuwa anangoja jibu la mwanawe.